Ramani ya Mashimo ya Mpwa Wangu

Mpwa wangu alipokea simu yangu kabla hajapokea begi. Nilikuwa ndiyo kwanza nashuka kwenye bodaboda, vumbi la njia ya Kharumwa limenijaa hadi kwenye kope, naye alitoa shikamoo moja ya haraka, kama mtu anayeonyesha kitambulisho getini, kisha akanyoosha mkono.

"Mjomba, hii simu inaonyesha mahali ulipo?"

"Marahaba. Inaonyesha."

"Basi ina akili kuliko mwenyewe," dada yangu alisema kutoka jikoni. "Mwaka na nusu tunaulizana kama yuko Geita, Nyarugusu au kaburini."

Mimi ni mtu wa kuhama. Tangu nimalize kidato cha nne nimechimba, nimeuza mitumba, nimelinda ghala la pamba, nimepika kwenye kambi ya wajenga barabara. Kila nikitulia mahali miezi sita naanza kupakumbuka pale nilipotoka, mpaka narudi, nakuta si penyewe tena, naondoka. Safari hii nilikuja nyumbani kupumzika wiki mbili. Mpwa wangu alikuwa na mipango mingine na wiki zangu mbili.

Alikuwa kidato cha nne kwenye sekondari ya kata. Shule ile ina chumba cha kompyuta, mashine saba, tano zinawaka. Mwalimu wa jiografia alikuwa amewapa zoezi: kila mwanafunzi atengeneze kwenye kompyuta kitu kitakachowasaidia watu anaoishi nao. Wenzake walitengeneza kadi za mahafali, ratiba ya zamu ya kufagia, na mmoja, nasikia, alitengeneza picha kubwa ya mkuu wa shule yenye maua pembeni. Mpwa wangu aliamua kutengeneza ramani ya mashimo.

Kwetu, katikati ya Kharumwa na Bulyanhulu, mashimo ni mengi kuliko njia. Wachimbaji wadogo wanafungua duara, yaani shimo la dhahabu, wanazama miezi kadhaa, mawe yakiisha wanahamia jingine. Lile la zamani linabaki mdomo wazi. Mvua inakuja, majani yanaota, na baada ya mwaka hujui kama ulipo ni uwanja au ni kifuniko. Mwaka uliotangulia mtamba wa dada yangu aliingia kwenye moja. Waliusikia mlio wake siku nzima, na kamba hazikufika. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akimchunga. Hakuwahi kunisimulia habari hiyo, nilisimuliwa na mama yake. Yeye alichoniambia ni kwamba anahitaji simu yenye ramani na kamera, kwa sababu shuleni simu haziruhusiwi na ya mama yake ni kitochi, cha kupigia tu.

Tulitembea kila jioni baada ya masomo, na Jumamosi kutwa. Kwenye kila shimo alifanya yaleyale. Anatupa jiwe, anahesabu hadi lisikike, anakadiria kina, anaandika kwenye daftari, anapiga picha, anabonyeza simu kuweka alama. Mimi kazi yangu ilikuwa kukumbuka.

"Hili hapa," nilimwambia mbele ya shimo moja lenye mti wa mlonge pembeni, "nilizama mwaka ambao wewe hujazaliwa. Tulikuwa saba. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Kahama anaimba humo chini mpaka unasahau kama una njaa."

"Kina, Mjomba."

"Kina cha nini?"

"Cha shimo. Jamaa wa Kahama baadaye."

Ilipobaki wiki moja ya kukabidhi kazi, walianza mitihani ya majaribio, akanituma peke yangu nikamalizie mashimo kumi na moja ya upande wa korongo. Niliyafikia kumi. Hili nalisema bila kujificha kwa sababu kijiji kizima kinalijua. La kumi na moja lilikuwa ng'ambo ya kilima, jua limesimama utosini, na njiani kulikuwa na banda la mama mmoja anayeuza chai na chapati, lenye kivuli na benchi kwa nyuma, na redio. Redio ikapiga wimbo tuliokuwa tunaucheza disko la Shinyanga mjini nikiwa na miaka ishirini na nywele zangu zote. Nikakaa. Nikaagiza chai na chapati. Nikaona kwamba kutoka pale nilipokaa hadi kwenye shimo si mbali kiasi cha kumsumbua mtu, nikabonyeza alama palepale kwenye benchi. Nikaandika: *Kina mita sita. Majani pembeni. Hatari kwa watoto.* Hiyo hatari kwa watoto niliiongeza ili isomeke kama kazi ya mtu aliyefika.

"Picha ya hili iko wapi?" mpwa wangu aliniuliza jioni.

"Simu iliishiwa chaji."

Alinitazama kidogo. Mtihani wa kemia ulikuwa kesho yake, ndiyo maana nikapona.

Ramani ilipokamilika tulikwenda kuiona mimi na dada yangu, siku wazazi walipoitwa kutazama kazi za darasa. Nimeona vitu vingi katika kuzurura kwangu, lakini sikutegemea kukiona kijiji changu kutoka juu kwa namna ile. Mashimo marefu yalikuwa na duara jekundu, mafupi njano. Ukiligusa duara kwa kishale, picha inafunguka na maneno yake. Njia za ng'ombe zilichorwa kwa kijani, na pembeni ya zile zinazopita karibu na shimo ameandika pa kukatia kona. Chini kabisa, kwenye kona, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina lake.

Mkuu wa shule alifurahi kuliko sote. Ni mtu mwema, wa rika langu. Kama tungesoma shule moja tungekaa dawati moja na kuchapwa pamoja. Alipeleka ramani ile mjini ikachapwa kwenye karatasi kubwa, picha na maneno ya kila shimo pembeni yake, akaibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na geti, na wageni wa wilayani walipokuja akapiga nao picha mbele yake. Nembo ya shule ilikaa juu. Chini iliandikwa kwamba imeandaliwa na shule. Jina la mpwa wangu halikuwepo, si kwenye karatasi wala kwenye kompyuta.

Siku hiyo aliosha vyombo kwa kelele mpaka mama yake akatoka nje.

"Hizo sufuria zimekukosea nini?"

Ndipo akasema. Alikwenda ofisini kuomba mambo mawili: jina lake lirudishwe, na apewe nakala kwenye flashi. Mkuu wa shule alimjibu kwa upole kabisa. Kompyuta ni za shule. Umeme ni wa shule. Zoezi ni la mwalimu. Muda alioutumia ni muda wa masomo. Kwa hiyo kazi ni mali ya shule, kama madawati, na mwanafunzi akimaliza haondoki na dawati.

"Nikamwambia dawati nililikuta. Ramani sikuikuta."

"Ulimwambia mkuu wa shule hivyo?" dada yangu aliuliza.

"Kwa adabu."

"Adabu gani hiyo?"

"Nilimalizia na neno Mwalimu."

Nikacheka. Hawakucheka wenzangu. Akatueleza taratibu, kama anavyowaeleza watu wazima wasioelewa haraka. Kila mwisho wa mwaka zile kompyuta zinafutwa kila kitu ili wanaoingia waanze upya. Kidato cha nne kilikuwa kimebakiza miezi miwili. Ikifutwa, itabaki karatasi ya getini, na karatasi haiongezeki, wakati wachimbaji wanafungua mashimo kila wiki. Mtu ataitazama, ataona njia yake haina alama, atapita kwa kujiamini, na atakanyaga shimo la mwezi uliopita.

"Nataka niondoke nayo ili niendelee nayo," alisema. "Na nataka jina, ili mtu akiona shimo jipya ajue wa kumwambia. Ndiyo hivyo tu."

Enzi zetu jambo hili halikuwa na ubishi. Daftari lako lilikuwa lako, ukimaliza shule unarudi nalo, na mama yako anampelekea muuza karanga afungie. Niliwahi kununua karanga stendi ya Shinyanga nikazikuta zimefungwa kwenye insha yangu mwenyewe ya historia, kumi na moja kati ya ishirini, mwandiko wangu, wino wangu, na kosa langu la Vita vya Majimaji limezungushiwa duara jekundu. Nilizila nikiwa nimesimama, nikiisoma. Sikudai chochote. Hakuna aliyeihitaji insha ile isipokuwa karanga.

Kesho yake nilivaa shati lenye kola nikaenda kumwona mkuu wa shule. Alinipa kiti, tukasalimiana kwa kirefu, tukaulizana mvua. Nilipofika kwenye ramani akatabasamu.

"Nasikia wewe umechimba sana," akasema. "Hebu niambie. Ukichimba kwa nyundo ya mtu, kwenye eneo la mtu, mawe yanakuwa ya nani?"

Alidhani amenifunga. Nikamwambia, "Mkuu, tunagawana."

"Mnagawana vipi?"

"Mwenye eneo anapata mifuko yake ya mawe. Mwenye duara anapata yake. Waliozama wanapata yao. Aliyewapikia ugali waliozama naye anapata. Sijawahi kutoka shimoni mikono mitupu eti kwa sababu nyundo haikuwa yangu."

Alicheka kwa moyo wote, akaniambia ile ni shule, si machimbo, akanisindikiza hadi getini. Mtu anayekukatalia kisha akakusindikiza ndiye mgumu kuliko wote. Huna hata pa kumchukia.

Basi nikaamua kutafuta neno zito kuliko langu. Nikaenda machimboni kwa katibu wa wachimbaji, kijana wa miaka kama thelathini, miwani ya jua hata kivulini, ambaye kazi yake ni kusimamia mgao mawe yanapotoka. Watu wanaogombana kwa nyundo na moko, ile tindo ya kuvunjia mwamba, wakimwona wanapanga foleni. Nilitaka aje kwenye kikao cha wazazi cha Ijumaa aseme maneno mawili kuhusu haki ya aliyezama. Nikamkuta amekaa na wenzake kama kumi na watano wanakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na mimi nikipata watu kumi na watano wananisikiliza huwa siishii pale nilipopanga.

"Mkuu wa shule ameikalia ramani," nikaanza.

"Ramani ya nini, kaka?"

"Ya mashimo."

"Mashimo yapi?"

"Yote."

"Yote? Nani kayapima?"

"Watoto wa shule. Kwa mitambo."

Wakaacha kutafuna. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeongeza kwamba ni mashimo ya zamani, yaliyoachwa, ramani ya kuokoa ng'ombe. Mimi niliona macho yao yanavyong'aa, nikaendelea kusimulia jinsi unavyoligusa duara jekundu likafunguka.

Asubuhi iliyofuata wachimbaji walijaa kwenye ubao wa matangazo, wanapiga picha. Mlinzi alidhani ni wazazi. Alimwambia mkuu wa shule kwamba hajawahi kuona wazazi wanaojali elimu kiasi kile.

Waliichambua ramani kwa namna yao, na mimi nawaelewa, kwa sababu miaka ile ningefanya vilevile. Alama zote walizijua. Hapa tulizama, hapa tulizama, hapa alivunjika mguu fulani. Zote mawe yamekwisha. Isipokuwa moja. Nyuma ya banda la chapati kulikuwa na duara jekundu, na kila mtu anajua nyuma ya banda la chapati hakuna shimo. Sasa kwa nini watoto wenye mitambo waweke alama mahali pasipo na shimo? Na kwa nini alama zote zina picha, hii wamenyima? Na kwa nini wameandika mita sita?

Jibu lilikuwa moja tu. Dhahabu iko pale, chini mita sita, na shule inaificha.

Mama wa chapati alikuwa amekwenda msibani upande wa Bulyanhulu. Aliporudi Alhamisi alikuta benchi lake juu ya paa, kuni zake zimehamishwa, kamba imezungushwa, foleni ya watu wenye majembe, na nyuma ya banda shimo linalomfikia mwanamume kifuani. Mtu aliyekuwa ndani alimwamkia vizuri, akamwomba chai.

Ijumaa tulikuwa kwenye kikao cha wazazi, ndani ya darasa la kidato cha kwanza. Mkuu wa shule yuko mbele, mwalimu wa jiografia pembeni yake, mwenyekiti wa kijiji upande wa pili. Kidato cha nne walikuwa wamesimama ukutani wakisubiri kutuimbia. Katibu wa machimbo alikuja kweli, na miwani yake, na wachimbaji wengine walijipanga madirishani. Mkuu wa shule alikuwa ndiyo anaeleza jinsi ramani ya shule ilivyosifiwa wilayani, mlango ukafunguka. Mama wa chapati aliingia na beseni kichwani, akalitua mezani mbele yake. Lilikuwa limejaa udongo.

"Huo ni uwanja wangu," akasema. "Umetoka nyuma ya banda langu. Nimeambiwa umechimbwa kwa sababu ya ramani. Sasa namtaka mwenye ramani."

Mkuu wa shule aliutazama udongo, akatutazama sisi.

"Mama, karibu ukae."

"Nikikaa nitapoa. Ramani ni ya nani?"

"Aah, ile... ile ni kazi ya mwanafunzi tu, mama. Zoezi la darasani."

"Zoezi la nani?"

Mwalimu wa jiografia akasema haraka, "Mimi nilitoa swali. Majibu sikutoa."

"Mwenyekiti, wewe ulipiga picha na wageni ukisema ramani ya kijiji," mama alimgeukia.

"Kijiji kilitoa baraka," mwenyekiti alisema. "Baraka ni kitu cha jumla."

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikikagua mabati ya paa kwa makini. Wiki nzima ile ramani ilikuwa na wenyewe wengi, na sasa ilikuwa imelala pale juu ya meza, ndani ya beseni, haina hata mmoja.

"Ni yangu."

Mpwa wangu alikuwa ametoka ukutani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeitika jina darasani.

"Ramani ni yangu, mama. Ile alama ni kosa. Hakuna shimo pale, wala hakuna dhahabu, wala sikuwahi kupima dhahabu. Nilipima mashimo yaliyoachwa, ng'ombe wasitumbukie. Alama hiyo sikuihakiki. Nisamehe. Leo hii nikiruhusiwa kuifungua naifuta."

"Mita sita je?" mtu aliuliza dirishani, kwa uchungu. "Mita sita ilitoka wapi?"

"Kosa liko kwenye ramani yangu," mpwa wangu akasema tena. Hakunitazama. Angenitazama ningeweza kuvumilia. Aliyenitazama alikuwa dada yangu. Aligeuza shingo taratibu, kiti kwa kiti, mpaka akanifikia, akatua hapo.

Nikasimama.

"Mita sita niliitunga mimi," nikasema. "Na alama niliiweka mimi. Nilitumwa shimo la ng'ambo ya kilima. Nikachoka. Nilikuwa nakunywa chai."

"Chai!" dirisha zima likalia.

"Kaka, mimi nimeshinda humo siku mbili!"

"Mikono yangu hii imevimba, wewe unakunywa chai?"

"Na chapati alibakiza," mama wa chapati aliwaambia, amenigeukia mimi sasa. "Nusu nzima. Nikasema huyu ni mgonjwa, kumbe ni mwongo!"

Watu walicheka hadi wanafunzi wakaacha mstari. Mimi nilibaki nimesimama, maana hakuna aliyeniambia nikae. Ni katibu wa machimbo aliyenyoosha mkono, akavua miwani, kitu ambacho wachimbaji wenyewe walishangaa kukiona.

"Mkuu, samahani," akasema. "Mimi niliitwa hapa kusema habari za mgao. Naona hakuna haja ya mgao. Kwetu duara likibomoka, mwenyekiti wetu anauliza hili ni la nani. Siku hiyo huwaoni watu. Wote waliokuwa wanaliita langu, langu, wamekwenda kuoga. Yule mmoja anayebaki akaitika, naandika jina lake, na mawe yakitoka siku nyingine simuulizi mtu tena. Wewe umetamka hapa mbele ya mama huyu kwamba ni kazi ya mwanafunzi. Mwanafunzi ameitika. Mimi ningeandika."

"Tumesikia wote," dada yangu aliongeza. "Umesema ni kazi ya mwanafunzi, Mwalimu." Na yeye alimalizia na Mwalimu.

Mkuu wa shule alijifuta jasho. Nimesema ni mtu mwema. Angeweza kukasirika, au kumwadhibu mpwa wangu kwa usumbufu, na nadhani alilipima hilo kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha akacheka, kwanza kidogo, kisha kile kicheko chake cha kusindikizia watu getini.

"Nimetamka," akasema. "Siwezi kulirudisha mdomoni."

Baada ya kikao tulikwenda chumba cha kompyuta, yeye, mpwa wangu, dada yangu, na mimi mlangoni kwa sababu sikualikwa ndani. Mpwa wangu alifuta alama yangu kwanza kabla ya jambo lolote. Halafu mkuu wa shule akavuta kiti akae yeye mwenyewe, akaandika jina la mpwa wangu kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayechambua mchele. Akaliweka kwenye kona.

"Mwalimu, linaonekana?"

"Halionekani?"

"Mtu aliyeona shimo jipya atahitaji kulisoma akiwa amesimama."

Akalikuza. Akalikuza tena. Flashi ilipoingia na nakala ikawa inahamia, sisi wote tukiutazama ule mstari wa kijani unavyojaa, mkuu wa shule akakohoa.

"Sasa," akasema, "na shule ibaki na yake? Wageni watakuja tena mwezi ujao."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anaomba. Mpwa wangu naye alielewa, nikamwona anazuia tabasamu kwa kuuma ndani ya shavu, kama mama yake akiwa mdogo.

"Ibaki, Mwalimu. Na jina la shule libaki pamoja na langu. Kompyuta zilikuwa za shule, umeme pia, sisahau. Ila ile ya getini ibanduliwe leo, ina kosa. Na asiongeze mtu mwingine alama. Aniambie mimi, mimi ndiye nitakayeongeza."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, Mwalimu. Kwanza niende nikalione."

Shimo la nyuma ya banda nililifukia kwa siku mbili pamoja na wale waliolichimba. Mama wa chapati alitusimamia. Aliwapa wote chai, mimi akanipa maji. Wiki zangu mbili za mapumziko, zilizokwisha kuwa karibu mwezi na nusu, ziliishia hapo, na miguu ikaanza kuniwasha kama kawaida, nikaaga.

Sasa niko Nyarugusu, nasaidia kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi, na nimeanza kuukumbuka mji wa Shinyanga kwa namna ninayoijua. Mpwa wangu amemaliza shule. Kompyuta za shule zimefutwa, kama alivyosema. Yeye huenda Kharumwa kwenye duka la kuchapisha, anakodi mashine, anafungua picha anazotumiwa na flashi yake, anaongeza. Watu wa vijiji jirani wamekuwa wakimtumia ujumbe, na juzi alinitumia mimi: kuna wafugaji wanapitisha ng'ombe huku Nyarugusu, anataka mashimo ya njia yao. Nikamjibu nimefurahi kuaminiwa tena.

*Hujaaminiwa,* akaandika. *Kila shimo upige picha umesimama kando, miguu yako ionekane.*

Jana nilitembea toka asubuhi. Nilifika mashimo tisa, yote, na kwenye kila moja niliinamisha simu, nikapiga viatu vyangu na ule mdomo mweusi mbele yake. Jua lilikuwa kali na nilipita vibanda vitatu vya chai bila kugeuza shingo. Nikazituma zote kwa pamoja, nikakaa kwenye jiwe kusubiri sifa.

Jibu lilikuja baada ya muda mrefu.

*Nane nimepokea. Ile ya sita rudia. Viatu si vyako.*

Ilikuwa kweli. Mwenyeji aliyekuwa ananionyesha njia ndiye aliyesimama pale, mimi nilibaki juu kidogo, hatua kama kumi hivi, kwenye kivuli. Nikainuka, nikajipangusa suruali, nikarudi kulitafuta shimo la sita.